Kasha Juu ya Kasha

Baba alipotuma ujumbe kwamba wazee wa Alen wasije Jumamosi kuleta posa, sikulia. Nilivaa sweta, nikatoka kwenda kumtafuta Alen nimgombeze.

Nilijua nitamkuta wapi. Alhamisi mchana, kama hana mtu wa kumfundisha gitaa, huwa yuko kwenye ukumbi wa usharika pale Magamba, gitaa mapajani na hedifoni masikioni, anachezea prosesa yake. Wasioijua wanaiita redio. Ni kisanduku bapa, kikubwa kidogo kuliko Biblia ya mimbarani, kina vibonyezo vya kukanyaga kwa mguu na kioo cha kuchagulia. Ndani yake kuna amplifaya za kila namna na makasha ya spika ya kila namna, yote ya kuiga. Mpigaji hana haja tena ya kubeba kasha zito. Anachagua kasha kwenye kioo, anachomeka waya kwenye miksa, na sauti inatoka kwenye spika za kanisa kana kwamba kuna kasha la kweli limewekewa maiki mahali fulani. Mimi ndiye fundi mitambo wa kwaya, kwa hiyo hayo nayajua. Na nampenda mwenye prosesa, kwa hiyo nayajua kupita kiasi.

Nilimkuta amefumba macho. Alen akifumba macho, kope zake zinakuwa ndefu kuliko inavyomstahili mwanamume, lakini siku ile sikwenda kutazama kope. Nilimvua hedifoni.

"Umesikia?"

"Nimesikia. Baba mkubwa amenipigia asubuhi, amechanganyikiwa. Tayari alishatafuta gari."

"Na wewe umekaa hapa unachagua makasha."

"Nikiwa na mawazo mikono yangu inatafuta kazi, Doka."

"Usiniite Doka. Leo naitwa Dorkasi."

Akanitazama. Ana macho ya upole yule mtu, macho yanayokufanya usahau ulichotaka kusema, na nadhani ndiyo maana hajawahi kulazimika kusema mengi maishani. Nikageuza uso nikatazama dirishani. Ukungu ulikuwa unashuka kutoka msituni.

Acha nieleze kilichotokea, maana habari imeshazunguka hadi Lukozi na kila mtu anaisimulia anavyotaka.

Jumapili iliyopita ilikuwa Sikukuu ya Mavuno. Madhabahu ilijaa kabichi na karoti hadi mchungaji hakuwa na pa kuweka kikombe. Alen alikuwa ameshapanga vyombo vyake, waya umeshaingia kwenye miksa yangu, tumeshajaribu sauti na iko sawa. Ibada inakaribia kuanza, mara baba yangu, Mzee Hezekia, akaingia kwa mlango wa pembeni akisukuma kasha lake kwenye toroli.

Kasha lile kila mtu usharikani analijua. Baba ni seremala, na alilitengeneza mwenyewe kwa mbao za mkulo, ule mti unaonukia, kwa ajili ya mdogo wake Kristofa, aliyekuwa mpiga solo wa kwaya nikiwa mtoto mdogo. Lina spika mbili za inchi kumi na mbili na amplifaya yake juu. Wapigaji wote waliofuata walilitumia. Tangu Alen aje na prosesa, kasha limekaa karakana limefunikwa gunia. Baba hakuwahi kulalamika. Siku ile alilifuta vumbi, akalipaka vanishi, akalileta mbele ya watu, akalisimamisha karibu na Alen na kumwambia, "Mwanangu, leo utapigia hapa."

Alen akasema, "Ndiyo, baba."

Nilikuwa nyuma kwenye miksa, nikamwona anachomoa waya kwangu na kuuchomeka kwenye kasha. Nikasema moyoni, Mungu wangu, zima kwanza lile la kuiga.

Hakuzima. Na hapo ndipo penye shida, nieleze kwa wasiopiga gitaa. Kasha lina tabia yake: linakata sauti kali za juu na kunenepesha za katikati. Prosesa ilikuwa imeshaipitisha sauti kwenye kasha la kuiga. Ukiichukua sauti hiyo ukaiingiza tena kwenye kasha la kweli, inakatwa mara ya pili, na kinachobaki ni kama mtu anayeongea akiwa ndani ya kabati, amejifunika blanketi. Wimbo wa kwanza ulipita hivyo. Watu wakaanza kugeuza shingo. Wimbo wa pili, pale kwenye solo, Alen akainama, akachomoa waya kwenye kasha la baba, ukalia BWAA kanisa zima, akauchomeka tena kwenye waya wa miksa yangu. Sauti ikafunguka, na watu wakapiga makofi.

Baba alikuwa kiti cha mbele. Makofi yale yalimwingia moja kwa moja. Alitazama viatu vyake hadi ibada ikaisha, kisha akalipakia kasha lake kwenye toroli bila kumwita mtu amsaidie.

"Ungesema neno moja tu," nilimwambia Alen pale ukumbini. "Baba, nisubiri kidogo nizime kitu. Basi."

"Mbele ya usharika wote? Mkwe wangu ameniletea kasha, mimi niiname nianze kubonyezabonyeza kama namwambia kasha lako halifai?"

"Ukachomoa mbele ya usharika huohuo."

"Wimbo ulikuwa unaharibika."

"Kwa hiyo mdomoni unasema ndiyo, mkononi unasema hapana."

Akachukua kitambaa akaanza kufuta nyuzi za gitaa, na nyuzi zilikuwa safi.

"Haya," nikasema, na hasira ilikuwa imeanza kupoa, maana kumkasirikia Alen kwa muda mrefu ni kazi ngumu. "Leo unatafuta nini humo?"

"Kasha la Jumapili. Tutakuwa na kwaya ya wageni, nataka sauti isiyogombana na waimbaji. Nimejaribu tangu saa nne. Kwenye hedifoni kila moja tamu."

"Kwenye hedifoni hata mbu ni mtamu. Washa spika."

Nikawasha miksa, nikaweka mazoezi ya kwaya niliyorekodi wiki iliyopita, waimbaji na ngoma na kinanda, bila solo. Hivyo ndivyo kasha linavyochaguliwa. Ukilisikiliza peke yake utapenda lile nene lenye kishindo, halafu ukiliweka katikati ya kwaya linakaa juu ya kila mtu. Nikasogeza kiti hadi magoti yetu yakakaribia kugusana. Nikaigeuza prosesa kioo kikaelekea kwangu.

"Wewe piga. Mimi nabadilisha. Usitazame majina, maana ukiona jina kubwa masikio yanajipendekeza. Na sauti zote ninazileta kwenye ukali mmoja, yenye kelele zaidi isije ikatudanganya."

"Ndiyo, fundi," akatabasamu.

Akapiga. La kwanza lilikuwa kasha kubwa la spika nne. Likamfunika mwimbaji wa besi. La pili dogo, wazi nyuma. Lilipaa vizuri lakini likachoma masikio, nikasogeza maiki yake ya kuiga kutoka katikati ya spika hadi ukingoni, likatulia. Nikakata mngurumo wa chini usio na faida. Sasa gitaa lilikuwa linapita katikati ya soprano na alto bila kumkanyaga mtu. Vidole vyake vilikuwa vinatembea kwenye shingo ya gitaa, nikawa navitazama na kusahau kwamba baba yangu amewakataa wazee wake. Bega lake liligusa langu. Hakuna aliyelisogeza.

"Hili?" nikamwuliza.

"Ndiyo, zuri."

Nikabadilisha. "Na hili?"

"Ndiyo. Zuri pia."

Shaka ikaniingia. Nikashuka kwenye orodha hadi nikapata baya kuliko yote, la spika moja ndogo kama ya redio ya mezani. Sauti ikatoka puani. Nikamtazama usoni, nikaweka tabasamu langu tamu kuliko yote.

"Alen, mimi hili ndilo nimelipenda. Tuweke hili Jumapili?"

Niliona sikio lake likikataa. Paji la uso lilikunjana kidogo, kisha likanyooka. Akaniangalia kwa upendo kabisa.

"Ndiyo, Doka. Kama umelipenda, zuri."

Nikazima miksa.

"Hili ni baya," nikasema. "Nimelichagua kwa makusudi. Lina sauti ya mtu mwenye mafua."

"Nilijua."

"Ulijua, na ukasema zuri."

"Ulikuwa unacheka. Ulikuwa hujacheka leo."

Sijui kama mnaelewa jinsi maneno matamu yanavyoweza kuumiza. Nilisimama, nikaanza kuvaa sweta ambalo nilikuwa nimeshalivaa.

"Sikiliza, Alen. Nitakuwa mke wako, nitakuuliza chakula kikoje, utasema ndiyo. Nitakuuliza unanipenda, utasema ndiyo. Nitajuaje ipi ni ipi? Mwezi uliopita baba alikuuliza, mkioana mtakaa wapi? Ukamjibu nini?"

Akainamisha kichwa. "Nilisema hapahapa Magamba."

"Na wiki hiyohiyo ulikuwa umeshapokea kazi ya studio Arusha. Mimi nilikuwa nimekaa pale na trei ya chai mkononi. Nikanyamaza, nikasema moyoni, atarekebisha."

"Nilitaka kwanza tupate ruhusa. Halafu tungemweleza polepole."

"Halafu ungechomoa waya."

Alinyanyua macho, na safari hii hayakuwa ya upole. Yalikuwa na maji.

"Unajua nimekulia wapi? Mponde, kwenye nyumba za wachuma chai. Wazazi wangu walitoka Njombe na shuka moja. Mama alitufundisha, mkubwa akikuuliza, sema ndiyo, mengine utayajua baadaye. Ukiwa mtu wa kuja, neno ndiyo ndilo pa kulala pako. Na baba yako ananiita mtu wa chai, leo yupo kesho hayupo. Nitamwambiaje ni kweli, kesho sipo?"

Nilitamani kumkumbatia. Nilimpenda pale kuliko siku zote, nasema wazi. Lakini nilijua nikimkumbatia, tutabaki pale hadi jioni na Jumamosi itapita.

"Beba prosesa," nikasema. "Tunakwenda karakana. Na leo sikuombi umfurahishe. Nakuomba umwambie hapana, usoni, kwa mdomo. Ukishindwa, Alen, mimi mwenyewe ndiye nitakayewaambia wazee wako wasije."

Alinitazama kuona kama natania. Akaona sitanii. Akaanza kukunja waya.

Karakana ya baba iko nyuma ya nyumba yetu, chini kidogo ya barabara. Tulimkuta anapiga randa mlango wa mtu. Kasha lilikuwa kwenye kona, limerudishiwa gunia lake. Mama alikuwa mlangoni pa jiko akichambua maharage. Alipotuona wawili tumeongozana, aliacha kuchambua.

"Onga mshi, Tate," nikamsalimu baba kwa Kishambaa.

"Onga mshi." Hakuinua kichwa.

"Shikamoo, baba," akasema Alen.

Randa ikaenda, ikarudi. "Marahaba."

Tukasimama. Maranda yalikuwa yanaanguka karibu na viatu vya Alen. Nilidhani atasubiri aulizwe, kama kawaida yake. Akasema, "Baba, nimekuja kukueleza jambo la Jumapili. Ulipoleta kasha nilisema ndiyo. Nilitakiwa kusema hapana, subiri."

Baba akaweka randa chini. "Kasha langu lilikuwa na ubaya gani?"

"Kasha halina ubaya. Mpangilio wangu ndio ulikuwa mbaya. Ukiniruhusu, nitakuonyesha."

Baba alifikiri. Kisha akaenda kwenye kona akalivua gunia mwenyewe, akachomeka umeme mwenyewe. Alen akaiweka prosesa juu ya benchi, katikati ya patasi na misumari, akaingiza waya kwenye kasha. Harufu ya mkulo ikapanda amplifaya ilipopata moto.

"Hivi ndivyo ilivyokuwa," akasema, akapiga mistari ya mwanzo ya wimbo wa Mavuno.

Sauti ikatoka imezibwa, nzito, haina uso. Baba akakunja midomo.

"Humu ndani nilikuwa nimewasha kasha la kuiga," Alen akaeleza. "Kwa hiyo nilipitisha sauti kasha juu ya kasha. Yakaumizana. Sasa nazima la kwangu." Akabonyeza mara moja, akapiga mistari ileile.

Mama akasimama kule jikoni. Mimi nimekua na kasha lile, nilishalisahau. Sauti ilikuwa ya joto, pana, inajaza karakana hadi kwenye mabati. Baba alisogea akaweka kiganja chake ubavuni mwa kasha, akakiacha pale hadi Alen alipomaliza.

"Kumbe kitufe kimoja," akasema.

"Kitufe kimoja, baba."

"Na ukashindwa kuniambia kitufe kimoja."

"Nilikuogopa."

Baba akamtazama muda mrefu. Uso wake ulikuwa umelegea, nikaona karibu anatabasamu. Nikajisemea imekwisha, tumepona. Akasema kwa sauti nzuri kabisa, "Basi hakuna ugomvi. Jumapili utapigia hili, na hicho kitufe utakizima mapema. Sivyo?"

Ndiyo moja tu ilikuwa inatosha. Ningekuwa mimi, ningeisema. Alen alinitazama mimi, kisha akalitazama kasha.

"Hapana, baba."

Mama alitoa mguno mdogo.

"Hapana?"

"Hapana. Kwenye karakana ni tamu. Kanisani linapeleka sauti mbele tu, wanaokaa viti vya mbele wanaumia masikio na wa nyuma hawasikii. Halafu liko karibu na alto, linawafunika. Nikipitia kwenye miksa, Dorkasi ananipunguza na kuniongeza kwa ajili ya kanisa zima. Kwa harusi za nje nitalitumia, ukinikubalia. Kwa ibada, hapana."

Nilikuwa nasikia maji yakidondoka kwenye pipa. Baba aliondoa mkono kwenye kasha. Akatafuta kitambaa, akafuta vidole kimoja kimoja.

"Kama leo ni siku ya hapana," akasema polepole, "nikuulize tena lile la mwezi uliopita. Mkioana mtakaa wapi?"

Nilitaka kusema kitu. Alen akaniwahi.

"Nilikudanganya, baba. Nimepata kazi Arusha, kwenye studio. Tutahamia huko baada ya Pasaka. Ukitoa ruhusa."

Baba akanigeukia mimi. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Ulijua?"

"Nilijua, Tate."

"Na unataka kwenda?"

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa namdai Alen. Mtoto wa kike kumwambia baba yake usoni kwamba anataka kuondoka! Ningeweza kusema, utakavyoamua wewe, Tate. Ndivyo tunavyosema sote.

"Nataka," nikasema. "Nakupenda, Tate, na nataka kwenda naye."

Alikaa kwenye kigoda chake. Akalielekezea kasha kidevu.

"Hili nilimtengenezea Kristofa. Alipopata bendi Morogoro alikuja kuniaga hapahapa. Nikamwuliza, utarudi? Akasema, ndiyo kaka, kabla ya mahindi kukomaa. Niliipenda ile ndiyo. Nikambebea begi mwenyewe hadi kwenye gari. Mahindi yamekomaa mara ngapi? Anapiga simu Krismasi." Akakung'uta maranda magotini. "Tangu siku ile, mtu akinijibu ndiyo haraka namwona tayari yuko ndani ya gari. Wewe kijana kila nikikuuliza, ndiyo. Nikasema moyoni, huyu ni Kristofa mwingine, ananichukulia binti. Nilivyoona ule waya, nikasema basi."

Mama alikuwa amesogea hadi mlangoni pa karakana, khanga ameishika mdomoni.

"Haya nijibu," baba akamwambia Alen. "Mtarudi?"

Alen hakuharakisha. Niliona anatafuta jibu, kama alivyokuwa anatafuta kasha kule ukumbini, analijaribu moja, analiacha.

"Krismasi na Pasaka tutakuja, hilo naliweza na naliahidi. Kuja kukaa moja kwa moja, sijui, baba. Sijui kabisa."

Baba alitikisa kichwa, akatikisa tena. Nikaona kidevu chake kinatetemeka, kidevu cha baba yangu ambaye sijawahi kumwona akilia hata msibani.

"Sijui," akarudia. "Kristofa naye alikuwa hajui. Angesema tu." Akajipangusa uso kwa kitambaa kilekile chenye vumbi la mbao, likambakia shavuni. "Piga tena. Zima la kwako, piga kwenye langu. Wimbo mzima."

Alen akapiga wimbo mzima. Baba alisikiliza akiwa amefumba macho, mama ameegemea mlango, na mimi nimekaa juu ya rundo la mbao nikilia bila hata kujificha. Sikujua nalilia nini zaidi, ninachokipata au ninachokiacha. Alen alikuwa ananitazama mimi wakati wote, na vidole havikukosea hata mara moja.

Ulipokwisha, baba akasimama, akaokota randa yake na kuupitisha mkono juu ya ule mlango wa mtu kutafuta alipokuwa ameachia.

"Wapigie wazee wako," akasema bila kugeuka. "Jumamosi waje asubuhi. Mchana ukungu ukishuka, watu wa Mponde hawazijui kona za huku."

Nilimwona Alen anafungua mdomo. Uso mzima uling'aa, na ile ndiyo ilikuwa imeshafika kwenye meno. Kisha akaufunga. Akanitazama, na mimi nikamkazia macho, nikiogopa asiseme na nikiogopa aseme.

"Asubuhi hawataweza, baba," akasema. "Mama yangu anaumwa miguu, hawezi kuondoka na baridi. Saa sita mchana ndiyo watakuwa wamefika."

Randa ilisimama. Mama akafumba macho. Mzee Hezekia alimtazama mkwewe juu chini, kuanzia kwenye viatu vilivyojaa maranda hadi usoni.

"Saa sita, basi," akasema. "Nitakwenda kuwasubiri barabarani."